Punda wa Siku ya Kwanza

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaingia, Chiriku alifagia saluni ya mama yake. Kazi hiyo ingekwisha mara moja kama angekuwa anafagia tu. Lakini yeye alifagia huku akitangaza.

"Watazamaji wetu, fungu kubwa la nywele linaonekana likiondoka upande wa kioo na kuelekea mlangoni. Wakazi wa eneo hilo wanaombwa wakae chonjo!"

Mama yake, msusi aliyesifika mtaa mzima kwa mkono mwepesi, alikuwa akipanga vitana. "Mtangazaji," alimwambia bila kugeuka, "na chini ya kiti je? Au huko habari hazijafika?"

Jina la Chiriku hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mwalimu wa darasa la kwanza, aliyemhamisha kila dawati akitafuta mtoto wa kukaa naye kimya, akamkosa. Jina likamganda. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na mdomo ule uliomletea adhabu shuleni ndio uliompatia kazi ambayo watoto wenzake waliionea gere. Alikuwa mtangazaji wa Saa ya Watoto katika kituo cha televisheni cha mji wao.

Msidhani kilikuwa kituo kikubwa. Kilikuwa na studio mbili tu, moja ya habari na nyingine ya mambo yote yaliyobaki duniani. Asubuhi kipindi cha mapishi kilirushwa kutoka humo, mchana meza ile ile ikafutwa na kugeuzwa kuwa meza ya Saa ya Watoto, na jioni ikafunikwa kitambaa kwa ajili ya kipindi cha salamu. Ndiyo maana Chiriku alizoea kutangaza huku macho yakimchoma kwa vitunguu. Mtabiri wa hali ya hewa alikuwa ndiye dereva wa gari la kituo. Siku gari likiwa safarini, mji ulikosa utabiri, na watu walitazama mawinguni wenyewe.

Hata hivyo, zamani hali ilikuwa ngumu zaidi. Kituo kilianzia katika ghala la kuuzia magodoro. Magodoro yenyewe yalisimamishwa ukutani ili kuzuia kelele za barabarani, na inasemekana wageni wengi waliohojiwa humo walianza kupiga miayo kabla ya swali la pili. Kanda za kurekodia zilikuwa haba, kwa hiyo kipindi kikishaonyeshwa, kanda yake ilirekodiwa kitu kingine juu yake. Hivyo ndivyo matangazo ya siku ya kwanza kabisa yalivyopotea. Mtu fulani alirekodi juu yake mechi ya mpira, na mechi yenyewe haikuwa na hata bao moja.

Sasa sherehe ya kuzaliwa kwa kituo ilikuwa inakaribia, na mtayarishaji wa Saa ya Watoto alikuwa na jambo lake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye visikizi vikubwa masikioni hata wakati wa kula, na watoto wote walimwita Shangazi.

"Chiriku," alisema Shangazi, "Jumamosi ijayo utatusimulia siku ya kwanza ya kituo. Kanda hatuna. Dada aliyesoma habari siku ile ameshafariki, Mungu amrehemu. Fundi wa mitambo alihama, hatujui yuko wapi. Amebaki mtu mmoja tu, naye ni Babu Geti. Kaa naye, muulize, halafu msikilize. Umenisikia? Umsikilize."

"Shangazi, hilo limekwisha!" alijibu Chiriku.

Babu Geti alikuwa mlinzi wa kituo tangu enzi za magodoro. Alikuwa mwembamba, sare yake imepigwa pasi ikasimama, na hakuna aliyepita getini pake bila kuulizwa. Hata meneja aliulizwa.

"Unakwenda wapi?"

"Babu, nakwenda ofisini kwangu."

"Una miadi?"

"Miadi na nani? Mimi ndiye meneja!"

"Basi ingia, lakini usizoee."

Alipoambiwa kwamba mtangazaji mdogo atakuja kumhoji, mzee alifurahi kupita kiasi. Alitandika gazeti juu ya kigoda cha pili ndani ya kibanda chake, akaweka chupa ya chai na vikombe viwili, akangoja. Jumatatu Chiriku alipita mbio. "Babu, leo nina mazoezi ya netiboli! Kesho!" Kesho yake alikuwa na sherehe ya rafiki yake. Siku iliyofuata hakuwa na lolote, lakini alijua kwamba Babu Geti akitaka kusimulia alivyonunua kofia, huanzia kwenye mvua za mwaka uliotangulia. Akaona uvivu, akapitia njia ya nyuma. Kesho ya Chiriku ilikuwa na kesho yake, na hiyo nayo ikawa na yake, mpaka Jumamosi ikabisha hodi.

Saa ya Watoto ilirushwa moja kwa moja. Taa ziliwashwa, muziki ukapigwa, na kando ya Chiriku aliketi mtangazaji mwenzake, mvulana mwenye miwani ambaye wenzake walimwita Kwanini kwa sababu ambayo hata yeye mwenyewe aliwahi kuiuliza.

"Leo," alisema Kwanini, "Chiriku anatusimulia siku ya kwanza ya kituo chetu. Chiriku, ilikuwaje?"

Chiriku alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, hakikutoka kitu. Nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo Shangazi alikuwa anamzungushia mkono kumwambia aendelee. Macho ya Chiriku yakakimbia ukutani, kwenye michoro iliyotumwa na watoto wa mji. Mmoja ulikuwa wa nyumba, mmoja wa ua, na mmoja wa punda.

"Siku ile ya kwanza," alianza Chiriku, "dada mtangazaji alikuwa anasoma taarifa ya habari, mara... mara punda akaingia studio!"

"Punda?" Kwanini alishtuka.

"Punda mzima! Akasimama nyuma ya dada, na kila habari ikisomwa, anatikisa kichwa. Bei ya saruji imepanda, punda anaafiki. Mvua itanyesha, punda anaafiki!"

Mpiga picha aliangua kicheko mpaka kamera ikatikisika. Nyuma ya kioo Shangazi alikuwa anafuta machozi. Chiriku akaona mambo yamekaa sawa, akaongeza masikio, akaongeza mkia. Laiti Kwanini angekuwa mtoto wa kuridhika upesi.

"Lakini kwa nini mlinzi hakumzuia getini?"

"Mlinzi..." Chiriku alimeza mate. "Mlinzi alikuwa amesinzia."

Alihisi kitu kikimchoma kifuani wakati neno lile linatoka. Lakini muziki wa kufungia kipindi ukapigwa, kila mtu akamshika mkono kumpongeza, na kile kitu kikatulia.

Kama mambo yangeishia hapo, labda punda angesahaulika. Hayakuishia hapo. Kabla Chiriku hajavua kipaza sauti, simu ya kituo ililia. Alikuwa kinyozi wa karibu na stendi.

"Mmenikumbusha mbali sana!" alisema kinyozi. "Yule punda nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa wa kijivu."

Simu ya pili ilitoka kwa muuza nyama. "Huyo kinyozi anasema nini? Punda alikuwa wa kahawia! Mimi na rangi za wanyama utanidanganya?"

Kufikia jioni mji mzima ulikuwa umegawanyika, huku watu wa kijivu, kule watu wa kahawia. Taarifa ya habari ikatangaza mgogoro. Mzee mmoja alipouliza imekuwaje hajawahi kumsikia punda huyo miaka yote hii, alijibiwa kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja, akanyamaza.

Chiriku alipoingia saluni, aliwakuta wateja wamegeuza shingo zao, nusu ya vichwa imesukwa na nusu iko wazi, wanamsikiliza mama yake.

"Nilikuwa mdogo, nimepakatwa na bibi yake Chiriku," mama alikuwa akisema, "lakini nakumbuka kama jana. Alikuwa na masikio haya!" Akasimamisha vitana viwili kichwani mwake.

"Mama," Chiriku alinong'ona, "ulimwona kweli?"

"Nisimwone vipi? Televisheni yote ilijaa punda!"

Chiriku aliketi kwenye kiti cha wateja, ameduwaa. Mama yake hakuwa mtu wa uongo. Kwa dakika nzima alianza kujiuliza kama labda punda alikuwapo kweli, na yeye amebahatisha tu.

Wiki hiyo alitembea kama malkia. Njiani watu wazima walimwita, "Mtoto wa punda!" naye hakuchukia. Lakini Ijumaa, alipokuwa akikaribia kituo, aliona watoto wa shule nyingine wamejipanga mbele ya geti. Mmoja alilia kama punda, mwingine akalaza kichwa begani na kukoroma, kisha wote wakatimua mbio huku wakicheka. Babu Geti hakuwafukuza. Alikuwa amesimama ameinamisha kichwa, kofia mkononi.

Ndani Chiriku alimkuta Kwanini amekunja uso.

"Umesikia?" Kwanini alimuuliza. "Kesho kwenye sherehe, Babu Geti ndiye aliyekuwa akalie kiti cha msoma habari awasalimie watazamaji, kwa kuwa ndiye mfanyakazi wa zamani kuliko wote. Meneja ameghairi. Amesema ni aibu kumtukuza mlinzi aliyelala kazini. Amekodi punda. Nafasi ya Babu amepewa punda."

Chiriku aliuliza upesi, "Na Babu amesemaje?"

"Hakusema kitu. Eti kesho anarudisha funguo, anaacha kazi. Lakini kwa nini hajitetei, Chiriku? Mtu kama yule alalaje?"

Chiriku alitoka nje, akaenda moja kwa moja mpaka kibandani. Babu Geti alikuwa anakunja koti lake la mvua na kulitia kwenye mfuko. Kigoda cha pili kilikuwa bado kipo, na gazeti lake juu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Leo huna netiboli?"

Swali lile lilimuumiza kuliko kofi. "Babu, nimekuja kukuambia jambo kuhusu yule punda."

"Najua," alisema mzee taratibu. "Wewe umesema kweli, sikulaumu. Ila nakuomba kitu kimoja, uamini kwamba sikusinzia. Sijawahi kusinzia getini. Siku ile sikuwapo."

Chiriku alimkodolea macho.

"Matangazo yalikuwa yameanza," Babu Geti aliendelea, "nami nipo hapa getini, kifua mbele. Akaja mtu mmoja mbio, akaniuliza, 'Mbona yule dada anatafuna tu maneno, hatusikii kitu?' Kumbe sauti haitoki! Nikaingia ndani, nikamkuta fundi amezama kwenye nyaya mpaka mabegani, haoni anayeingia wala anayetoka. Dada anasoma, hajui kama mji mzima haumsikii. Mezani kulikuwa na nakala ya pili ya habari zile. Nikaichukua, nikakimbia nayo mpaka duka la redio pale mzunguko wa barabara, maana watu walikuwa wamejazana mbele ya televisheni iliyowekwa dirishani. Nikasimama kando yake, nikawa namtazama dada midomo, nami nasoma kwa sauti. Akifungua mdomo, nafungua. Akinyamaza, nanyamaza."

"Babu! Kwa hiyo sauti ya kwanza ya kituo ilikuwa yako?"

"Ndiyo, lakini geti nililiacha wazi. Na amri ya kwanza niliyopewa ni kwamba mlinzi haachi geti. Nikaogopa kufukuzwa, nikanyamaza mpaka leo. Uliposema punda aliingia, nikajua ni wakati ule. Nikadhani wenzangu walimwona, wakanistahi, hawakutaka kuniaibisha." Akatikisa kichwa. "Punda mzima, mjukuu wangu. Geti langu."

Hapo Chiriku hakuweza kuvumilia tena. Machozi yalimtoka. "Babu, hakukuwa na punda! Nilimtunga! Sikuja kukuuliza, nikakosa la kusema, nikaona mchoro ukutani. Na Kwanini aliponiuliza, nikakusingizia. Nisamehe, Babu."

Babu Geti aliketi polepole kwenye kigoda chake.

"Hakuwapo hata kidogo?"

"Hata mkia."

"Mbona kinyozi alimwona?"

"Sijui, Babu! Hata mama yangu alimwona!"

Mdomo wa mzee ulitetemeka kidogo, kama anayetaka kucheka, lakini macho yake yalikuwa mazito. "Siku zote hizi nimekosa usingizi kwa ajili ya mnyama asiyekuwapo," alisema. "Mimi nimekusamehe. Lakini uongo wako haukutoka hapa kibandani, ulitoka hewani. Mimi na wewe tukiuzika humu ndani, kule nje utaendelea kutembea."

"Wakijua nimedanganya, wataninyang'anya kipindi."

"Huenda," alijibu Babu Geti.

Jumamosi ya sherehe, kituo kilikuwa kama soko. Kinyozi na muuza nyama walialikwa kama mashahidi, kila mmoja amevaa nguo za rangi ya punda wake. Meneja alikuwa na suti mpya. Chiriku alimfuata Shangazi ukumbini.

"Shangazi, punda hakuwa—"

"Punda hataki kuingia mlangoni! Najua! Baadaye, Chiriku!"

Ilikuwa kweli, punda hakutaka kuingia. Kwanza alicheleweshwa getini, ambako Babu Geti, katika siku ya mwisho ya kazi yake, alimuuliza mwenye punda kama wana miadi. Kisha mnyama akaona zulia jekundu, akagoma kulikanyaga. Mwenyewe, mchukuzi wa mchanga, alivuta mbele. Meneja alisukuma nyuma, na suti yake mpya ikapata habari ambazo haikuzitarajia. Mwishowe dereva, yule mtabiri wa hali ya hewa, alileta karoti zilizobaki kwenye kipindi cha mapishi, na punda akaingia studio akitafuna.

Taa zikawashwa. Kwanini aliwakaribisha watazamaji, kisha akageuka. "Chiriku, tukumbushe ilivyokuwa."

Chiriku alimtazama Shangazi nyuma ya kioo. Akawaza kiti hiki, meza hii ya vitunguu, na jinsi alivyovipenda. Akamkumbuka na mzee aliyesimama getini na kofia mkononi. Akasema moyoni, liwalo na liwe.

"Watazamaji," alianza. "Siku ya kwanza hakukuwa na punda. Nilidanganya. Nilitumwa nikamuulize Babu Geti, nikaona uvivu, nikatunga. Babu Geti hakusinzia. Nilimsingizia mbele yenu, na mbele yenu namwomba radhi."

Punda alitikisa kichwa.

Kinyozi alikuwa wa kwanza kupata kauli. "Mtoto, usiogope. Sisi tunajua alikuwapo."

"Hakuwapo, mjomba."

"Labda wewe hukumwona," alisema muuza nyama kwa upole. "Hukuwa umezaliwa."

"Hakuwapo wa kijivu wala wa kahawia!" Chiriku alisema, karibu kulia.

Simu ikalia. Kwanini aliipokea, na sauti ya mwanamume ikajaa studio. "Huyo mtoto mwongo! Anaongopa kwamba aliongopa! Punda alikuwapo!" Ikalia tena. Safari hii ilikuwa sauti ambayo Chiriku aliifahamu vizuri.

"Chiriku? Ni mama yako. Hakuwapo kabisa?"

"Hakuwapo, mama."

Kwa mbali ilisikika mashine ya kukaushia nywele ikizimwa. "Sasa mimi nilimwona nani?" mama aliuliza, na simu ikakatika.

Mpiga picha alikuwa amejishika mbavu. Hata kinyozi alianza kujikuna kisogo na kumtazama muuza nyama, naye muuza nyama alikuwa anatazama viatu vyake. "Kusema kweli," kinyozi alikiri polepole, "siku ile nadhani sikuwa mjini."

Kwanini hakusubiri ruhusa ya mtu. "Kama hakukuwa na punda, kulikuwa na nini? Mlete Babu Geti!"

Shangazi mwenyewe alikimbia kumwita, visikizi vikimning'inia shingoni. Babu Geti aliingia, akasita mbele ya kile kiti cha msoma habari. Meneja, suti ikiwa na alama ya kwato begani, alikivuta kiti nyuma kwa mikono yake mwenyewe na kusema, "Karibu, Babu." Mzee aliketi. Akaanzia, kama kawaida yake, kwenye mvua za mwaka uliotangulia, na hakuna aliyemkatiza. Akasimulia kuhusu magodoro, fundi, karatasi aliyoichukua mezani, na mbio zake mpaka duka la redio. Hakuficha kwamba aliacha geti.

Alipomaliza, simu ililia. Ilikuwa sauti ya bibi kizee.

"Mimi nilikuwa pale dukani. Alikuja kijana mwembamba akitweta, akasoma habari zote. Sisi tulidhani televisheni ndivyo zilivyo, kila moja ina mtu wake wa kuisemea."

Kwanini alikuwa ameshajifunza jambo. "Bibi, samahani, una uhakika? Wiki hii watu wengi wamekumbuka vitu visivyokuwapo."

"Uhakika ninao. Alikuwa amevaa kiatu kimoja."

Babu Geti alijifunika uso kwa viganja. "Kingine kilibaki kwenye matope ya mtaroni," alisema. "Nilidhani hakuna aliyeona." Mabega yake yakaanza kutikisika, na ilichukua muda watu kujua kwamba mzee anacheka. Studio nzima ikacheka naye, na watu wakampigia makofi mpaka punda akaogopa na kutoka mwenyewe bila kuvutwa.

Baada ya matangazo, meneja alimwomba Babu Geti msamaha mbele ya wafanyakazi wote, akamrudishia funguo. Kisha ikawa zamu ya Chiriku.

"Hutakaa kwenye meza ile kwa sasa," Shangazi alimwambia. Hakufoka, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Watu wanatuamini kwa sababu hawawezi kuja hapa kutazama wenyewe. Utazunguka kituo hiki, uwahoji mpishi, dereva na wapiga picha wote, na kila utakaloambiwa na mmoja utamuuliza na mwenzake. Siku nitakayoona unajua kuuliza, tutazungumza habari ya kutangaza."

"Ndiyo, Shangazi," Chiriku alisema. Alilia kidogo, kwa sababu ilimuuma. Lakini kile kitu kilichokuwa kinamchoma kifuani kilikuwa kimetoka.

Babu Geti alimkuta ameketi kwenye ngazi, akaketi kando yake.

"Nisikilize, mjukuu wangu. Kutunga hadithi si dhambi. Ungesema ni hadithi, tungecheka tukaenda kulala. Ulisema ni kweli, ndipo kila mtu akaibeba na kuongeza chake, nami nikabaki nimelaliwa na mzigo ambao si wangu. Na uvivu wako umekupunja, maana ukweli ulikuwa mzuri kuliko punda, nao ulikuwa unakungoja pale getini. Njia ya mwongo ni fupi, lakini anayoikanyaga humo njiani mara nyingi ni migongo ya watu. Leo umerudi mbele ya watu wale wale ukasawazisha mambo, na hilo linataka moyo kuliko kusimulia. Usirudie."

"Sitarudia, Babu."

"Vizuri. Sasa uliza."

"Niulize nini?"

"Chochote. Si umetumwa kuuliza?"

Chiriku alifikiri. Alikuwa na maneno mengi mdomoni, kama siku zote, lakini alichagua machache. "Babu, siku ile uliporudi getini, ulijisikiaje?"

Babu Geti alitazama barabarani, akatafuta mahali pa kuanzia. Chiriku alikunja mikono yake magotini, akafunga mdomo, akamsubiri.